Gari Lililombeba Kitinda

Kambi ya Machimbo ya Mawe,
Safu ya nyuma, karibu na bomba.
Jumapili, mwezi wa nane.

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, na ule mguu umeacha kukusumbua. Sisi tuko hai. Zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya. Mgongo unauma na kikohozi cha vumbi hakijanitoka, lakini kazini bado naenda. Mama anaendeleaje? Bado hanywi dawa mpaka abembelezwe kama bibi harusi?

Barua yako niliipata. Umesema nikuletee watoto wawili wakubwa wa marehemu mdogo wetu Kitinda, ukae nao, ili nipumue kidogo. Najua umesema kwa mapenzi. Nimechelewa kujibu kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeshafikia wazo hilo, nikaona aibu kukiri.

Wewe uko mbali, kwa hiyo nikueleze tunavyoishi. Baada ya jiwe kumwangukia Kitinda, kampuni ilichukua nyumba yake ikampa mtu mwingine. Shemeji na wanawe watatu wakahamia kwangu. Ukijumlisha wanangu, wifi yako na mimi, tunalala kama njiti za kiberiti. Kulala si shida. Shida ni shule. Iko mbali, barabara ni ya malori ya mawe, na tangu lori limkosekose mtoto wa jirani hakuna mzazi anayekubali mtoto atembee. Shemeji naye amepata kazi ya kufua mashuka katika zahanati ya huko huko. Na kigari changu umekiona kwenye picha: ukipanda wewe na kikapu chako, kimejaa.

Basi kila asubuhi nilikuwa naenda safari mbili. Kila mara, kabla hata sijachagua nani abaki, yule binti mkubwa wa Kitinda, tunayemwita Bibi Mdogo, alirudi nyuma mwenyewe na kusema, "Nyinyi tangulieni, baba mkubwa. Mimi nitangoja."

Siku moja msimamizi alinikamata getini nikiwa narudi kumchukua. Akanisukuma shimoni, eti kazi hainisubiri mimi. Nilipoachiwa ilikuwa saa sita. Nilimkuta mtoto pale pale kando ya barabara, kwenye jua, amekalia begi lake, nywele nyeupe kwa vumbi. Akaniambia, "Nilijua umebanwa. Sikuondoka, usije ukanikosa." Dada, hakulia. Angelia ningepata nafuu.

Siku hiyo niliamua: ama nipate gari la kutuchukua wote, ama nikuletee watoto.

Nilizunguka na Fundi Spana, anayetengeneza magari ya kampuni. La kwanza lilikuwa na viti saba, lakini Fundi alikalia kile cha nyuma kabisa akasema kimetengenezwa kwa watu wasio na magoti. La pili lilikuwa refu, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Fundi akapitisha kidole kwenye sakafu, kikatokea chini. "Hili watoto watakusaidia kukimbia," akasema. Mwenye gari akakasirika: "Mzee, unatafuta basi kwa bei ya baiskeli, halafu unachagua!" Nilicheka ili nisimpige.

Kisha kampuni ikatangaza kuuza lile gari lililokuwa likitupeleka shimoni. Injini nzima, nafasi tele, bei ya kutupa. Dada, nitakwambia kwa nini bei ilikuwa ya kutupa. Ndilo lililombeba Kitinda siku ile. Alilazwa kwenye benchi la nyuma, na mimi nilikuwa sakafuni nimemshika kichwa. Tangu hapo wachimbaji hawakulikalia benchi lile. Watu walisimama wamebanana, wamejikunja chini ya paa, benchi likiwa tupu. Kampuni ikachoka na ubishi wetu.

Fundi alisema chuma hakina kumbukumbu. Mimi ninayo, lakini kumbukumbu haipeleki watoto shule. Nikauza kigari, nikajazia, nikalinunua.

Shemeji hakujua ni gari lipi lililombeba. Siku ile tulimzuia kumwona mumewe, kwa jinsi uso ulivyokuwa. Kwa hiyo tukapatana na Fundi: akang'oa benchi, akafunga kiti kipya. Benchi akampa mama chai wa pale getini, wateja wake wakalie.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Viti vyote vilikuwa vimechakaa, kimoja tu kikang'aa. Shemeji alilizunguka gari, akafungua mlango wa nyuma, akakiwekea mkono kile kiti.

"Hiki mbona kipya?"

Nikamwambia cha zamani kilivunjika.

"Shemeji, usinifanye mtoto. Ni hapa?"

Akauliza cha zamani kiko wapi, nikamwambia.

Alikwenda mpaka kwa mama chai, nami nikamfuata. Madereva wawili walikuwa wamekalia benchi wakitaniana. Akawaomba nafasi. Mmoja akasogea, akasema kwa furaha, "Karibu, dada! Benchi hili halimkatai mtu."

Akakaa. Akaagiza chai, hakuinywa. Alikishika kikombe mpaka kikapoa, mkono wa pili ukipapasa chini ya benchi, kwenye ubao. Kisha akalipa, akainuka. Nilimwambia nitalinunua benchi nilirudishe. Akasema, "Liache. Wewe ulimshika kichwa, mimi mlininyima hata kumwona. Sasa unataka kuninunulia ubao?" Hakunisemesha tena mpaka jioni ya pili. Sijui kama amenisamehe, na sijapata ujasiri wa kuuliza.

Jumatatu tulipanda wote. Wakati nawasha injini nikamwona Bibi Mdogo bado yuko nje, amesimama pale pale anaposimamaga, begi mgongoni. Mazoea. Nikamwambia, "Panda, mama, nafasi ipo." Akachungulia ndani, akaangalia kichwa kimoja kimoja. Kiti kilichokuwa wazi ni kile kipya. Hakuna mkubwa aliyekikalia.

"Hiki kina mtu?" akauliza.

Shemeji alikuwa mbele, hakugeuka. Akasema, "Kaa, mwanangu. Kilikuwa kinakungoja wewe."

Kwa hiyo watoto sikuletei, dada. Usinune. Tunaenea wote.

Mama usimweleze habari ya gari lenyewe. Akiuliza, mwambie ni kubwa na wajukuu wake wote wanaingia. Huo si uongo. Nisalimie shangazi, mjomba na ugomvi wake na jirani, na watoto wako wote, hasa yule kiziwi wa kutumwa dukani. Wifi yako anakusalimu sana. Shemeji ameniambia niandike kwamba naye yupo.

Mungu akulinde wewe na mguu wako, na sisi atuhurumie barabarani.

Ndimi mdogo wako, nimechoka lakini nakupenda vile vile,

Baba mkubwa wa watoto wa Kitinda