Vitabu Kumi na Sita na Filamu Moja

Jumanne, 5 Septemba 2023

Orodha imeingia leo. Karatasi mbili, hazina jina wala sahihi. Mkuu wa shule, Mwalimu Bong, ameniita ofisini akanisogezea kwa kidole kimoja, kama mtu anayesogeza sahani ya chakula kilichochacha. Vitabu kumi na sita na filamu moja ya katuni. Viondolewe maktaba.

Vyote nilivichagua mimi! Miaka tisa mimi, mwalimu wa maktaba, ndiye ninayekaa na kusoma, kupima, kupendekeza, kamati ya shule inapitisha. Leo naambiwa ni uchafu. Kitabu cha msichana anayekua — uchafu. Filamu ya mtoto anavyokaa tumboni — uchafu. Hata kile cha mbwa anayezaa. Mbwa! Watoto wa darasa la kwanza wanakipenda hadi jalada limebanduka.

Nikauliza nani kaandika. Wazazi. Wazazi gani? Wazazi tu, Mwalimu Pyo. Mkuu anastaafu Februari, anataka kuondoka kwa amani. Nivitoe taratibu, hakuna haja ya kuisumbua kamati. Nikasema ngoja nifikirie.

Akacheka. "Hili nalo la kufikiria?"



Alhamisi, 7 Septemba

Nimevitoa.

Sijui niandike nini zaidi. Watoto walipoondoka nilivishusha kimoja kimoja, makatoni mawili ya peasi yakajaa. Kwenye kompyuta nikaandika "kinatengenezwa" mara kumi na saba. Mara ya kumi na saba ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza — hilo ndilo linaloniogopesha.

Mama Ha-yul alikuwepo, Alhamisi ndiyo siku yake ya kujitolea kuvalisha vitabu plastiki. Kaleta kimbap, wali uliokunjwa ndani ya mwani, kama kawaida. Alishika upande mmoja wa katoni tukabeba hadi ghalani. Hakuuliza kitu. Nimemshukuru moyoni kwa hilo.

Jumanne, 12 Septemba

Da-on wa darasa la tano alikuja wakati wa mapumziko. Seol Da-on, yule msichana mpole, anayevuta mikono ya sweta mpaka ifunike vidole. Mama yake alifariki yeye akiwa chekechea. Analelewa na baba, fundi wa boila.

Alizunguka rafu ya sayansi mara tatu. Halafu akaja mezani, sauti ya chini kabisa: kile cha kijani cha mwili, Mwalimu, kiko wapi?

Nikamwambia kinatengenezwa.

"Kitapona lini?"

Kitapona! Nikacheka. Nikasema labda mwezi ujao, chukua hiki cha vimondo. Akachukua. Akaniinamia kwa adabu, akaenda.

Somo la mwili la darasa la tano nalo limesogezwa hadi Novemba, mwalimu wa afya yuko likizo ya uzazi. Nilitaka kumtaja Da-on kwa mwalimu wake wa darasa. Simu ikalia, nikasahau.

Ijumaa, 15 Septemba

Mungu wangu.

Da-on ameanguka uwanjani kipindi cha michezo. Nilimwona kwa dirisha la maktaba — nilidhani kajikwaa. Hakuinuka. Mwalimu wake akakimbia, wenzake wakapiga kelele, gari la wagonjwa likaingia hadi katikati ya uwanja. Uso mweupe kama karatasi.

Kwenye mfuko wa suruali wamekuta vidonge. Vya bibi yake, aliyefariki mwaka jana. Dawa za zamani za presha! Amezimeza asubuhi.

Na kwenye kikasha cha penseli, barua. Mwalimu wake alinisomea kwenye korido, hakuweza kumaliza, nikaichukua nikamalizia mwenyewe. Naiandika hapa ili nisiweze kujifanya sikuisoma:

"Baba, nimepata ugonjwa wa Mama. Damu inatoka tangu Jumatatu. Nimejaribu dawa za Bibi lakini haikomi. Samahani. Supu ya mwani iko kwenye friji, ipashe moto kabla ya kula."

Tangu Jumatatu. Mimi alinijia Jumanne.

Jumanne!

Jumamosi, 16 Septemba

Yuko hai. Presha ilishuka vibaya, lakini imerudi. Daktari anasema atakaa siku nne tano.

Nilikwenda hospitali asubuhi. Baba yake alikuwa kwenye korido na ovaroli ya kazi, grisi kwenye kucha. Hakujua mimi ni nani. Nilipojitambulisha akasimama wima, akaniinamia. Mimi! Akaniinamia mimi!

Alizungumza bila kunitazama. Mke wake aliugua saratani ya kizazi. Siku za mwisho damu ilikuwa haikomi, na mtoto aliona, walidhani ni mdogo hataelewa. Tangu hapo nyumbani mambo hayo hayasemwi. "Nilijua siku hiyo itakuja, Mwalimu. Nikasema, ah, wa darasa la tano bado ni mtoto. Shangazi yake atakuja sikukuu ya Chuseok, atamweleza. Mimi ningeanzia wapi?"

Halafu akasema: "Daktari kamwambia si ugonjwa. Amelia sana. Kisha amesema kuna kitabu alikiomba maktaba."

Nikasema ndiyo.

"Hakikuwepo?"

Nilifungua mdomo. Muuguzi akatoka kumwita. Akaingia ndani, mimi nikashuka ngazi ghorofa sita kwa miguu kama mwizi.

Jumatatu, 18 Septemba

Mkuu kaniita kabla ya kengele. Kamati itakaa Jumatano, baba wa mtoto ameomba kuja. Nikiulizwa, niseme rekodi inavyosema. Kinatengenezwa. "Si uliandika mwenyewe?"

Niliandika mwenyewe. Kweli.

Nikamwambia mtoto nusura afe. Akasema angekufa kwa kukosa kitabu? Kameza dawa, baba hakuzificha, hilo ni la nyumbani. Alisema kwa upole, kama anayenisaidia. 

Kisha likanipata jingine. Saa nne Mama Ha-yul amekuja, macho mekundu, si siku yake. Akafunga mlango.

"Dada, ni mimi."

Sikuelewa. Wewe nini?

"Orodha. Niliiandika mimi."

Nilikaa. Miaka minne tunakula pamoja! Amevalisha plastiki nusu ya vitabu vya maktaba hii kwa mikono yake — na kile cha kijani pia, nakumbuka alivyokilainisha pembe kwa rula. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi, angalau.

"Ungenishinda kwa maneno, dada. Wewe umesoma. Ha-yul alirudi nyumbani na kile kitabu, akaniuliza swali mbele ya baba mkwe. Nilitamani ardhi inimeze. Nikasema mtoto wangu nitamfundisha mwenyewe, muda ukifika."

"Na asiye na mama?"

Akaziba uso. Sikumfariji. Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumshika, na sikufanya lolote. Maana yeye aliandika karatasi tu. Aliyevishusha rafuni ni nani? Aliyemtazama mtoto usoni akamdanganya ni nani?

Akauliza kama nitamtaja Jumatano. Nikamwambia toka, tafadhali. Nina darasa.

Sikuwa na darasa.

Jumatano, 20 Septemba

Naandika kwenye meza ya maktaba. Kikao kimevunjika.

Tulikuwa saba. Baba Da-on alikaa mwisho wa meza, shati jeupe lenye mikunjo ya pakiti. Hakuja kugomba. Aliuliza swali moja: binti yangu aliomba kitabu, nataka kujua kama mlikuwa nacho.

Mkuu akajibu haraka: kilikuwa kinatengenezwa, rekodi zipo. Akaisukuma karatasi. Wote wakanigeukia mimi. Mama Ha-yul, mjumbe wa wazazi, alikuwa anatazama kucha zake.

Nikasimama. Sikupanga kusimama!

Nikasema si kweli. Kilikuwa ghalani, kizima, hakina hata ukurasa uliokunjika. Nilikitoa mimi kwa agizo, pamoja na vingine kumi na vitano na filamu moja, bila kuiuliza kamati. Da-on alikuja mezani kwangu akakiomba, nikamdanganya. Nikampa cha vimondo.

Zogo! Mjumbe mmoja akauliza agizo la nani, mwingine anasema hata sisi hatukujua, Mkuu amekuwa mwekundu hadi masikioni. Akasema nimechanganyikiwa, nikapumzike, na kesho asubuhi nimkabidhi maelezo ya maandishi. Wakauliza orodha ilitoka kwa nani. Mkuu akaanza kukusanya karatasi zake. Mimi nami sikumtaja. Sijui kwa nini. Si kwa huruma, nadhani. Labda kwa sababu ningelitaja jina lake, kosa langu lingeonekana jepesi zaidi.

Baba Da-on hakupiga kelele. Alinitazama muda mrefu — nilitamani angenitukana. Kisha: "Naweza kukiona?"

Nikampeleka ghalani, nikamfungulia katoni. Nilidhani atakichukua aende. Akakaa palepale juu ya katoni la pili, akafungua ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma. Kidole chini ya mstari.

Da-on anaruhusiwa kesho, amesema. Anataka kujua cha kumwambia kabla hajafika nyumbani.

Saa kumi na moja sasa. Bado yumo. Mkuu amepiga simu mara tatu kuuliza kama nimefunga maktaba, ya tatu sikupokea. Dakika kumi zilizopita Mama Ha-yul ameingia, amepita mezani kwangu bila kunitazama, akaenda moja kwa moja hadi mlango wa ghala. Nilitegemea atamwomba msamaha, au atalia. Nikamsikia baba Da-on akimuuliza, kwa aibu, samahani mama, hizi pedi, mtu anajuaje ukubwa? Na anabadilisha mara ngapi kwa siku?

Na yeye akamjibu! Anamweleza kila kitu, taratibu, sauti inatetemeka. Ya usiku, ya mchana. Chupi zile maalumu za siku hizo. Chupa ya maji ya moto tumboni. Wanafungua kurasa pamoja, nasikia plastiki ya jalada ikilia.

Sasa amemaliza kueleza. Baba Da-on anacheka kidogo, cheko la mtu aliyetua mzigo.

"Kumbe ni kitabu kizuri hivi," anasema. "Mama, ninyi mnakaa kwenye kamati. Hivi nani alitaka kitolewe?"

Nasikiliza. Jalada linafungwa, kisha namsikia akianza: "Baba Da-on..."