Aliyeketi Chini ya Daraja

Shemeji yangu,

Sisi wazima, goti langu limepoa. Jana nilikwenda makumbusho kuona mchoro wa lile daraja la vita. Chini yake ameketi askari, na kifaru cha jeshi kinapita juu.

"Huyu anafanya nini hapo?" nilimuuliza mtunzaji.

"Ndiye aliyelipima daraja, mama. Ilikuwa desturi ya wapimaji kuketi chini likijaribiwa: ukikosea hesabu, linakuangukia wewe kwanza."

Marehemu mume wangu aliniambia vitani alikuwa mpishi, nami nikashangaa, maana hata chai ilimshinda. Lakini sikio lile lililokunjika, la askari wa mchoroni, ni lake.

Makumbusho wataandika jina lake wakipata shahidi, na kifaru kile, ulivyotusimulia mwenyewe, ulikiendesha wewe. Mazishini hukuja, nami sikulaumu. Kwa hili njoo, unieleze kama ulijua ni kaka yako aliyeketi chini.

Ni mimi, shemeji yako.