Jina Lina Mwenyewe

Mjukuu wangu Saumu,

Marahaba, salamu zako zimefika Moa. Babu yako bado anakohoa, na muhogo umetuozea shambani kwa mvua.

Unauliza kwa nini kompyuta imekataa uite kitu ulichotunga kwenye programu yako "return", yaani "rudisha", wakati neno ni la wote. Lakini umesema mwenyewe kwamba kwa kompyuta neno hilo ni amri.

Mama yako alipozaliwa, nilitaka kumwita Zuhura, jina la marehemu dada yangu. Mama yangu akakataa. "Jina hilo lina mwenyewe," alisema. "Nikiita, ataitika nani?"

Nadhani kompyuta nayo inachelea hilo: iite amri yake, kiitike kitu kingine.

Siku mama yangu alipokuwa akikata roho, aliita, "Zuhura." Nilitamani kuitika abee. Nikashindwa, nikamshika mkono tu.

Bibi yako,
Mwanajuma