Leseni kwa Jina la Mama

Lancaster, 7 Februari 2011

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje na baridi ya huko Indiana? Huku theluji imefika madirishani, lakini tu wazima. Tumbo la mkweo Saloma limekuwa kubwa, anainama kwa taabu.

Mama, nina neno limenikaa kooni tangu Krismasi. Watu wa jimbo wameninyang'anya leseni ya kuzalisha mbwa. Wanasema mabanda ni madogo, sakafu za waya haziruhusiwi tena, na daktari wa mifugo haonekani. Hizo sheria zao mpya! Wanataka mbwa alale kama mgeni wa harusi. Wewe unajua maziwa hayatulishi siku hizi. Vitoto vya mbwa ndivyo vinavyotuweka shambani.

Shamba bado liko kwa jina lako. Ukiomba leseni wewe, watakupa. Kazi yote nitafanya mimi, wewe utie sahihi tu.

Usimwambie dada Lovina.

Mwanao,
Ezra


Indiana, 20 Februari

Mwanangu Ezra,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, namshukuru Mungu. Nisalimie Saloma, umwambie asibebe ndoo za maji.

Fomu inauliza kama ni mimi nitakayewatunza hao mbwa. Nimeandika ndiyo. Baba yako angekuwa hai nisingethubutu. Nilitia sahihi Lovina akiwa zizini anakamua, huku nikitega sikio mlangoni kama mwizi, mimi mwanamke wa miaka sabini, ndani ya nyumba ya binti yangu.

Mtoto akizaliwa nitakuja.

Mama yako


Lancaster, 3 Mei

Ezra,

Amani iwe kwako huko Ohio, na kwa huyo Yost mnayemjengea ghala. Saloma na kichanga wanaendelea vizuri. Ananyonyesha hapa, mimi naandika juu ya meza yako.

Mkaguzi wa jimbo alikuja leo asubuhi bila taarifa. Ni msichana tu.

"Wewe ndiye Malinda Zook? Mwenye leseni?"

"Ndimi."

"Twende basi, bibi, ukanionyeshe mbwa wako."

Ezra, sikujua hata mlango ni upi. Nilisukuma wa ghala la nyasi, naye akasimama akinisubiri. Nilipofungua wa pili, harufu ilinipiga hadi machozi yakanitoka. Ulipoondoka uliniambia nisihangaike na huko, yupo mtu wa kuwalisha. Nami nikaridhika upesi sana.

Msichana alichuchumaa mbele ya banda moja. Ndani mlikuwa na jike, manyoya yamegandamana kwa kinyesi, vidole vimechanuka kwa kukanyaga waya maisha yake yote. Hakubweka. Nilipoegemea, alinilamba vidole.

"Huyu anaitwa nani?"

"Sijui."

"Amezaa mara ngapi?"

"Sijui."

"Bibi, huyu mbwa ni wako kweli?"

Nikasema, "Ni wa mwanangu. Mimi ni jina tu. Nilidanganya."

Hakunikaripia. Alitafuta ndoo, akaifudikiza, akasema, "Kaa kwanza, bibi." Afadhali angenizaba kofi.

Alhamisi watakuja kuwachukua wote. Mimi nitakwenda kwa hakimu kukiri kosa. Usirudi kunizuia.

Mama


Ohio, 9 Mei

Mama,

Salamu sina. Umenivua nguo mbele ya watu wa jimbo. Mama gani anamfanyia mwanawe hivyo? Habari imefika hadi huku. Nikipanda ngazi na nyundo, wanaume wananyamaza. Nikishuka, wanaanza tena kuongea.

Ezra


Indiana, 14 Juni

Mwanangu Ezra,

Hujambo? Saloma na kichanga hawajambo? Mimi natembea kwa fimbo sasa, lakini natembea.

Hakimu alinitoza faini, akanipa ruhusa niende. Likabaki la kanisa. Jumapili nilipiga magoti mbele ya wote, nikasema niliidanganya serikali kwa mkono wangu. Nikasema pia kwamba sikuuliza habari za wale wanyama kwa sababu sikutaka kujua. Hilo la pili ndilo lililokaribia kunishinda. Kusimama nako kukanishinda, wanawake wawili wakaninyanyua.

Jina lako sikulitaja. Lovina alinigombeza njiani: "Mama, unambebea mpaka lini?" Nikamwambia simbebei. Langu nimelisema, lake liko kinywani mwake.

Mama yako anayekupenda


Lancaster, 28 Agosti

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kichanga ameanza kucheka kwa sauti. Saloma hajambo, ingawa kwa wiki nyingi alizungumza nami kwa habari za chakula tu.

Usidhani nilinyamaza kwa hasira. Hasira iliisha siku niliyosoma barua yako ya Juni. Ni aibu, Mama. Kila nikishika kalamu naona wanawake wa watu wakikunyanyua chini kwa makwapa, na mimi nipo hapa mzima, mabega mapana, nakula mkate.

Mabanda nimeyavunja. Jirani alisimama kwenye uzio akaniuliza, "Ezra, unajenga nini tena?" Nikaendelea kung'oa waya.

Nimewaendea wazee wa kanisa mwenyewe, hawakuniita. Jumapili ya pili ya Septemba nitapiga magoti. Nitawataja mbwa, na nitasema ni mimi niliyekutia katika uongo.

Sina uso wa kukuambia uje. Saloma amesoma hapa juu ya bega langu. Anasema niandike kwamba kitanda cha wageni amekwisha kukitandika.

Mwanao,
Ezra