Mbweha wa Yatta na Video Ambayo Mama Mkwe Hakupaswa Kuiona

Jumapili jioni, Komarock, Nairobi. Manyunyu. Stima imepotea na fundi wa mtaa hashiki simu.

Niseme tu, bila kujisifu: kutoka Makongeni nilikozaliwa mpaka hapa Komarock ninapochomelea mageti, hakuna mtu anayewajua wanyama wa porini kunishinda mimi. Wapo waliosomea, nawaheshimu. Lakini wao habari za wanyama walipewa darasani. Mimi nilipewa na wanyama wenyewe.

Darasa la saba ndilo nililofika. Digidigi hajawahi kuniuliza cheti.

Mwaka umetimia tangu nianze kuwapiga video. Kila mwisho wa mwezi mimi na mke wangu Mumbua huenda kwao Yatta kumwona mama yake. Wengine wakienda kwa wakwe hukaa kwenye kiti na kungoja chai. Mimi huchukua simu yangu, hiyo yenye kioo kilichopasuka, nikashuka korongoni nyuma ya shamba. Nimewapiga pimbi wakiota jua. Nimewapiga kanga wakigombana kama wapangaji wa ploti moja. Kuna siku nyati alinitazama, nikamtazama, akaona afadhali aende zake. Hiyo video haikutokea vizuri. Wakati huo simu ilikuwa imezima.

Lakini kazi yangu kubwa mwaka huu ni mbweha.

Wanaishi wawili kwenye kichuguu kikuukuu, dume na jike. Jike ana sikio lililopasuka, na mimi humwita Madam, kwa vile ana macho ya mwalimu mkuu. Miezi ya kwanza niliona mkia tu. Halafu mkia na mgongo. Mvua zilipoanza akazaa, na siku moja asubuhi akatoka na watoto wake, akaketi, akanikodolea macho kama mtu anayengoja nimalize kuongea.

Nikanyamaza. Wanaonijua wanaelewa hilo ni jambo la aina gani.

Sasa tuje kwa ya juzi, maana ndiyo sababu ya kuandika.

Tulifika Yatta Ijumaa jioni, tukakuta nyumba imechafuka. Vifaranga vya mama mkwe vinapotea, mayai nayo yanaliwa. Shemeji yangu Musyoka, kaka ya Mumbua, kazi yake ni kuchonga simba wa mbao na hajawahi kumwona simba. Yeye alikuwa ameshatoa hukumu: ni mbweha. Ameshanunua sumu sokoni na kuna mbuzi wa jirani aliyekufa. Nyama itamiminiwa sumu Jumamosi, iwekwe pale korongoni, biashara iishe.

"Shemeji," akaniambia, "wewe mwaka mzima unapiga picha wezi, na mama analea kuku. Umewahi kuona polisi wa namna hiyo?"

"Mbweha wale hawajafika hapa bomani hata siku moja," nikasema.

"Wamekuandikia barua?"

Nilikuwa na hakika, ila hakika yangu haikuwa na picha.

Kwa mama mkwe mwenyewe singeweza kwenda kutetea. Huko magharibi walikotoka wazee wangu, na huko kwao Ukambani vilevile, mtu na mama mkwe wake hawakaribiani ovyo. Hatushikani mikono. Tukikutana njiani, yeye hupinda akapita kwenye majani. Tangu nimuoe Mumbua, na sasa binti yetu Nekesa ameshamaliza shule, sijawahi kukaa chumba kimoja na huyo mama. Akiwa na neno la kuniambia, humwambia kuku, kwa sauti, mimi nikiwa nyuma ya ukuta.

Jumamosi asubuhi wenyewe walienda sokoni. Nikabaki peke yangu.

Hapa ndipo ujuzi ulipoingia. Nimegundua siri moja ambayo sijaiona popote: mnyama hamwogopi mtu anayeoga. Akiona povu anajua huyo hana bunduki. Basi nikaweka beseni kando ya tangi la maji, simu nikaiegemeza kwenye mtungi, banda la kuku likiwa nyuma yangu, nikabaki na chupi na kujipaka povu. Huo ndio mtego. Wazungu hujificha kwenye mahema ya rangi ya majani. Mimi nilijificha hadharani.

Haikuchukua muda. Kuku walipiga kelele, nikageuka.

Kenge.

Si kenge mdogo. Nikisema alikuwa mrefu kama kitanda nitakuwa nimempunguza. Alikuwa amechimba chini ya ukuta wa banda, sasa anatoka kwa tundu lake na kifaranga mdomoni, ulimi nje, anatembea kama mwenye ploti anayekusanya kodi. Nami nilikuwa katikati ya njia yake ya kurudi mtoni.

Wanasema kwenye msafara wa mamba kenge hawakosi. Huyu hakuwa na msafara. Alikuja peke yake na alitosha.

Nilijitoa njiani kitaalamu. Yaani, nilipanda juu ya tangi. Nilivyopanda sijui, maana ngazi haikuwepo.

Alipoondoka nikashuka, nikaangalia simu. Yote imo. Tundu, kifaranga, ulimi, mkia. Mwizi kamili, mchana kweupe. Nikacheka peke yangu. Madam na watoto wake wamepona.

Halafu nikaitazama tena.

Na mimi nimo. Tangu kenge anapotokea mpaka anapopotea, hakuna mahali alipo bila mimi. Yeye anapita chini, mimi napaa juu, na chupi yangu, samahani, siyo ya mwaka huu. Ukimwondoa mtu kwenye video hiyo, umemwondoa na mnyama.

Waliporudi nilimwonyesha Musyoka kwanza, kwa kuwa yeye ni mwanamume mwenzangu. Alicheka mpaka akakaa chini. Akainuka, akajipangusa macho, akasema bado yeye si mwenye kuku. Uamuzi wa sumu ni wa mama, na nyama ilikuwa tayari kwenye karai.

Mumbua akaingia jikoni kumweleza mama yake. Nikasikia sauti ya mama mkwe ikimwambia kuku: "Wewe kuku, watu wa Nairobi wanasema mengi. Mimi nitaamini nikiona kwa macho yangu."

Mumbua akatoka. "Baba Nekesa, umesikia."

"Nimesikia."

"Sasa nimpelekee ama nisimpelekee? Hii kitu mama akiiona, ameiona. Haifutiki."

Ilikuwa ni kweli. Kwetu mama mkwe akikuona katika hali hiyo, heshima imevunjika, na kuirudisha ni shughuli ya wazee, na pengine mbuzi. Nilimfikiria mama huyo akipinda njia sasa, si kwa adabu, bali kwa aibu. Nikaifikiria nyama kwenye karai. Watoto wa mbweha ndio hutangulia kula. Nimewaona. Mama yao hukaa pembeni na kuwaacha washibe.

Nikampa Mumbua simu.

Kisha nikatembea mpaka kwenye geti, lile nililowachomelea mwenyewe, nikasimama nikiangalia barabara. Nilikuwa mtulivu. Nilikuwa nahesabu tu viungio vya geti, na ni vizuri.

Nikavihesabu tena kutoka juu.

Halafu nikasikia kicheko kutoka jikoni. Kilianza kidogo, kama kikohozi, kikapanda, kikakatika, kikaanza upya. Sikukifahamu. Mumbua huwa hacheki hivyo. Ndipo nikajua ni mama mkwe, na kwamba miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akicheka.

Musyoka akatoka na karai, akachimba shimo nyuma ya choo, akafukia nyama. Chupa ya sumu ilikuwa haijafunguliwa. "Shemeji," akasema alipopita, "nikipata mti mzuri nitakuchonga. Wewe juu, kenge chini. Watalii watanunua."

Kesi ya mbweha ikaisha hivyo. Nimeahidi kurudi na wavu wa chuma niuzike chini ya ukuta wa banda, kenge achimbe mpaka achoke. Mambo ya mbuzi na wazee Mumbua ameniambia niyaache kwanza. Eti mama amesema aliyemwona ni kenge, huyo mwingine hakumtambua.

Nilidhani ni adabu tu. Nikashukuru.

Leo asubuhi, tulipokuwa tunafunga mizigo, nikamsikia tena nyuma ya ukuta akiongea na kuku. "Wewe kuku, mwambie mkwe wangu: mtu akianza kupaka ndevu rangi, hupaka zote. Asiachie njiani."

Basi, kwa kuwa nyumba nzima ya Yatta inajua, na Musyoka ana simu, acha nanyi mjue kutoka kwangu.

Halikuwa povu. Ilikuwa rangi ya nywele, nyeusi, ya pakiti. Na simu sikuitega. Nyumba ile haina kioo nje, nikafungua kamera nijione ndevu, na kidole chenye rangi kikagusa pale pa kurekodi. Video bora ya mwaka mzima ilijipiga yenyewe, mimi nikiangalia kidevu changu.

Bakuli la rangi lilimwagika nilipopanda tangi, kabla sijamaliza ndevu. Upande wa kulia nina miaka thelathini, upande wa kushoto nina yangu. Safari nzima ya kurudi nimejifunga skafu, na jua lilikuwa kali.

Kesho nina geti la kupeleka kwa mteja. Sijui nisimame upande gani.