Mita Moja na Robo

Halle, Jumapili, 24 Novemba

Dada yangu Gudrun,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako, ambaye bado ni mzima ukiacha mgongo, goti la kushoto na nywele, ambazo nazo zimeamua kupukutika pamoja na majani ya mtufaha. Natumaini wewe na shemeji Duarte hamjambo, na kwamba bega lako limetulia. Uliniambia kwenye simu kwamba huko Porto bado mnakula nje. Nilifurahi kwa ajili yako kwa muda wa kama dakika moja.

Uliniuliza habari za bustani nikajibu kwamba kila kitu kiko sawa, kisha nikabadilisha mazungumzo kwa haraka ambayo bila shaka uliigundua. Sasa nimekaa kwenye kibanda cha Baba, jiko dogo miguuni, nikuandikie yale ambayo kwenye simu yalinikwama.

Kazi za msimu nimezimaliza. Nyasi nimezikata kwa mara ya mwisho, na mashine nimeisafisha kama alivyotufundisha Baba, ingawa bila matusi yake haikung'aa vilevile. Mawaridi ya Mama nimeyafukia mashina yasije yakaumwa na baridi. Majani nimeyakusanya kwa reki, isipokuwa rundo moja nyuma ya mboji, nililomwachia kalunguyeye, ambaye mwaka huu ndiye mgeni pekee aliyelala kwangu. Chama cha bustani zetu za kukodi kimefunga maji tangu mwisho wa Oktoba, kwa hiyo kahawa naileta kwenye chupa kutoka nyumbani. Chupa inatoa vikombe viwili. Kimoja nakunywa, kingine nakimwaga.

Unajua kwamba miaka minne iliyopita nilichaguliwa kuwa mpimaji wa nyuzio za chama. Nilikuambia ni kwa sababu ya uaminifu wangu. Ukweli ni kwamba nilikuwa chooni walipopiga kura. Tangu hapo kila Septemba napita bustani hadi bustani na ile rula ya mbao ya Baba, ya kukunja, nikihakikisha kwamba hakuna uzio wa miti uliozidi mita moja na robo. Wakiniona kwa mbali, watu wanakumbuka ghafla kwamba wameacha sufuria motoni. Bi Hildburg, katibu wetu, ananiita Bwana Sentimita mbele za watu, na anasema siku nikifa nitalipima jeneza kwanza.

Wendelin Kottke unamkumbuka, jirani wa upande wa kulia, na mkewe Traudel mwenye kicheko cha kuamsha mbwa. Ni majirani zetu huu mwaka wa kumi na tisa. Kwa miaka kumi na moja nilimwita Bwana Kottke naye akaniita Bwana Rössler, kama ilivyo adabu, mpaka jioni moja baada ya kupogoa mitufaha akanipitishia juu ya uzio glasi ya pombe ya plamu, akasema kwamba yeye ni Wendelin, mimi ni Eckart, na mambo ya ubwana sasa basi. Tangu siku hiyo kila Jumamosi saa kumi tulikunywa kahawa pale pale, wao upande wao, mimi wangu. Huyo bwana alikuwa anaukata uzio wake sawasawa kiasi kwamba Traudel aliweka sinia juu yake, na vikombe vitatu, na keki, na hakuna kilichowahi kumwagika. Baada ya Sabine kuvunja ndoa yetu, sinia ile ndiyo ilikuwa juma langu. Siku nyingine sita zilikuwa za kuingojea.

Mwaka huu uzio ule ulianza kupanda. Mwezi wa Juni hapakuwa tena na mahali pa sinia, na kufika Agosti sikuona hata vichwa vyao. Nilipowasalimu kwa sauti, Wendelin alijibu kutoka ndani ya majani kwamba hawajambo, wana kazi kidogo, labda Jumamosi ijayo. Jumamosi ijayo ikawa ileile. Nilisikia vijiko vyao vikigonga vikombe, nami nimekaa kwenye kiti changu upande huu kama mtu anayesubiri treni iliyokwisha ondoka.

Septemba nikapima. Mita moja na sentimita sitini. Ningeweza kumwambia kwa mdomo, alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Badala yake nilichukua karatasi yenye nembo ya chama, nikaandika: Mheshimiwa Bwana Kottke. Nikamtaka aukate kati ya tarehe mosi na saba Oktoba, kwa kuwa kabla ya hapo sheria inawalinda ndege na viota vyao. Unaona, ndege niliwafikiria. Kisha nikaenda hadi posta nikabandika stempu, barua iende kwa mtu ambaye ningeweza kumpiga kwa tufaha bila hata kulenga.

Tarehe mosi asubuhi nilimsikia akikata kwa mkasi wa mkono. Nilimwendea na mashine yangu ya umeme, nikamwambia atamaliza kwa nusu saa. Hakugeuka. Alisema anashukuru, Bwana Rössler, ataweza mwenyewe. Nikarudi na mashine yangu, na jina langu nikaliacha pale chini pamoja na matawi.

Jumamosi ya pili ya Oktoba ilikuwa siku ya kazi ya pamoja. Watu ishirini hivi walifagia njia, wakapogoa miti ya lango, na mchana wakaja kunywa supu kwangu, maana toroli na zana zote ziko hapa. Ndipo tulipomwona Traudel ng'ambo ya uzio uliokwisha kukatwa. Alikuwa amevaa gauni la kulalia na kiatu kimoja, ana kikapu cha vibanio vya nguo, na anayaokota majani yaliyoanguka, anayarudisha kwenye mtufaha, moja moja, anayabana. Alikuwa amekwisha kubana tawi zima. Bi Hildburg alidhani ni mzaha, akamwita, "Traudel mwenzangu, hayo umeyafua kwanza?" Watu wakacheka. Mimi pia, Dada. Traudel akatutazama akauliza kwa upole kama sisi ndio watu wa gesi. Kicheko kilikatika. Wendelin alitoka, akamfunika kwa koti lake, akamwingiza kibandani mwao. Kwenye mlango aligeuka akanitazama mimi peke yangu.

Jioni alikuja getini kwangu. Hakuingia. Alinieleza kwamba akili ya Traudel ilianza kuondoka tangu baridi iliyopita. Kule kwenye ghorofa yao mjini analia na kutafuta mlango siku nzima, lakini hapa bustanini anatulia, anaimba hata. Aliuacha uzio ukue ili mkewe awe vyovyote alivyo bila kutazamwa na mtu, maana alikuwa mwanamke wa kuchana nywele hata akienda kutupa taka. Sasa basi, siku ya mwisho ya Novemba angerudisha ufunguo wa bustani na kuiacha kabisa. Nilimuuliza Traudel atampeleka wapi. Akasema hajui. Kisha akaniuliza kwa nini sikubisha hodi tu. Nikamjibu kwamba kanuni ni kanuni. Akasema sawa, Bwana Rössler, usiku mwema.

Dada, nilimdanganya. Kanuni haikuhusika kabisa. Ile misaipresi mitatu nyuma ya kibanda, iliyopandwa na Baba msimu ule ulipohamia Ureno, ina mita moja na sentimita sabini na nane, na miaka minne nimeipita nikitazama mawingu. Uzio wa Wendelin haukunikera hata sentimita moja. Nilidhani wamenichoka. Nilitaka kuwaona, na sikuwa na ujasiri wa kusema kupitia majani kwamba nimewakumbuka, mtu mzima wa miaka hamsini na nane. Kwa hiyo nilituma chama kikaseme kwa niaba yangu. Na hao watu ishirini walimwona Traudel vile kwa sababu yangu.

Lingine la kuungama ni lako. Baba aliipanda ile miti kwa sababu ulizaliwa Januari, akasema lazima kitu kimoja kibaki kijani hapa siku yako ya kuzaliwa ikifika. Juma lililopita niliing'oa yote mitatu. Sikukuomba ruhusa. Niliogopa utakataa, halafu nikaogopa zaidi kwamba utakubali kwa ile sauti yako ya huruma. Ilinichukua siku mbili kuchimba na toroli moja kuvunjika, nikaipanda upande wangu wa uzio, mkabala na benchi la Traudel lililo ng'ambo. Kama ikifa, nimeiua mimi.

Rula nilimpelekea Bi Hildburg. Aliniuliza kama naumwa. Alikuja kuitazama ile miti, akaipima, nami nikamwambia aniandikie barua. Akasimama kitambo akisikiliza ng'ambo, ambako Traudel alikuwa anaimba. Akaikunja rula, akaitia kwenye aproni, akasema macho yake siku hizi hayasomi tena namba ndogo.

Jana, Jumamosi, nilikuwa nakanyagia udongo kwenye mashina. Ilikuwa saa kumi, si kwamba nilichagua. Nikamsikia Traudel akiuliza ni nani pale. Nikajiandaa kusikia lile jina la ukoo. Wendelin akasema ni Eckart, kaleta miti. Traudel akauliza kama Eckart anakunywa kahawa.

Baadaye Wendelin aliuliza kutoka ng'ambo kama miti itashika kwenye baridi hii. Nilisema hatuwezi kujua kabla ya Aprili, na siku zisizo na barafu itahitaji maji ya pipa, pande zote mbili. Kisha akasema kwamba basi upande wake itabidi awepo mtu mpaka Aprili.

Nisalimie sana shemeji, na ile bahari yenu isiyojua baridi. Mama na Baba nimewawashia mishumaa makaburini kwa niaba yetu sote wawili. Niandikie, hata kama ni kunigombeza, ikiwezekana kurasa mbili. Nami nakaa na kikombe mezani ambacho si changu. Mkono uliokipitisha kati ya mti wa pili na wa tatu sikuuona vizuri, na uso sikuuona kabisa. Nimekiosha. Jumamosi nitakirudisha.

Ndimi mdogo wako,
Eckart