Blogu Uliyotupendekezea Imenivunjia Nyumba

Mshauri, sikuiti mpendwa kwa sababu leo sina mapenzi na wewe, lakini msaada naomba hivyo hivyo, maana aliyenisukuma kwenye shimo hili ni wewe na nadhani ngazi unayo.

Mimi ni kibarua wa ujenzi, niko mbali na nyumbani, nasuka nondo na kubeba zege kwenye jengo ambalo likiisha sitaruhusiwa kupita hata mlango wake wa nyuma, na nalala kwenye kontena lenye vitanda vya juu na chini pamoja na wenzangu ambao nao wameacha wake na watoto. Shule niliiacha njiani, lakini kusoma najua, tena nasoma haraka, ndiyo maana wananiita Redio, kwa sababu wakati wa mapumziko ya mchana tukishakaa kwenye kivuli cha mbao na sahani zetu, mimi ndiye ninayewasomea gazeti lako kwenye simu, na ukurasa wako tunauanza kabla hata ya mpira.

Sasa kuna siku msomaji mmoja aliyeko mbali kama sisi alikuuliza afanye nini ili asipitwe na mambo ya kwao, nawe ukamwaga orodha ya blogu za mitaa na za siasa zinazostahili kusomwa, ukasema ukitaka kujua barabara gani inachimbwa na kiongozi gani amelala, usikae kungoja kuambiwa, soma mwenyewe. Juu kabisa ukaiweka Mwanga wa Kata, ukaisifu kwamba lugha yake ni safi na picha zake zinaonekana vizuri. Nikafurahi kama mtoto, kwa sababu kata inayoandikwa humo ndiyo yetu, nikawa naiona kona ya duka la dawa, naona ukuta wa shule wanayosoma wanangu umepakwa rangi, na nikawa nawasomea wenzangu hata wasiotoka kwetu, mpaka wakamjua diwani wetu na koti lake la bluu kuliko wanavyowajua wa kwao.

Basi blogu hiyo ikaandika kwamba maji yamefika mtaani kwetu. Diwani kwenye picha amefungua bomba, maji yanamrukia mpaka viatuni, akina mama nyuma wanapiga makofi, na chini imeandikwa kwamba foleni za maji sasa ni historia. Nilisoma kwa sauti, wenzangu wakanipa mkono kama vile mtaro wa hilo bomba nimeuchimba mimi.

Tatizo ni kwamba mke wangu alikuwa hapatikani alfajiri. Nafasi yangu ya kawaida ya kupiga simu ni kabla hatujapandishwa kwenye lori la kazini, na kila nikipiga simu inaita mpaka inachoka, au inapokelewa na binti yangu mdogo, sauti imejaa usingizi, anasema mama ameenda maji. Kabla ya ile habari nilikuwa naelewa. Baada ya kuisoma sikuelewa tena. Nikamuuliza mama watoto, akasema bomba lilitoa maji siku ya uzinduzi na tangu hapo linatoa upepo, kwa hiyo wao wanaamka gizani kwenda kwenye kisima cha ng'ambo ya reli kama zamani. Nikamwambia mimi nimeona picha. Akasema picha ni picha. Nikarudi kusoma, na kweli kila wiki Mwanga wa Kata ilikuwa inayasifu hayo maji, kuna mama mmoja kahojiwa anasema siku hizi analala mpaka jua linachomoza, nikajiuliza, kama huyu analala, wangu anakwenda wapi?

Nikayasema hayo mbele ya wenzangu. Kuna mmoja tunamwita Kinyozi, kwa sababu ndiye anayetunyoa sote, akasema taratibu huku anatafuna, "Redio, hilo bomba la mkeo lina ndevu." Walicheka mpaka wengine wakaweka sahani chini, nami nikacheka, kwa sababu usipocheka ndiyo unakuwa wewe wa kuchekwa, lakini kicheko hicho kilinikaa kifuani kama vumbi la saruji.

Nikampigia mke wangu mchana ule ule. Nikamwambia, "Huyo unayempangia foleni kila alfajiri ana jina, au naye anaitwa bomba?" Nikawa nasikia watoto wanagombania kitu nyuma yake. Kisha akasema, "Yaani mimi niliyeko hapa sijui kama bomba langu linatoa maji, ila wewe uliyeko huko ndiye unayejua." Akakata. Nami nilikuwa na hasira, nikamtumia ile habari ya Mwanga wa Kata, nikamtumia tena na tena, na alipokuwa hajibu nikamtumia na mama mkwe, nikaandika chini yake, muulize mwanao.

Mke wangu akachukua watoto, akahamia kwa kaka yake. Shemeji huyo ni dereva wa malori, mtu asiyejua kunong'ona, akanipigia na kuniambia maneno ambayo gazeti lako haliwezi kuyachapa, halafu akasema kabla sijafungua mdomo nifungue kwanza blogu ya yule muuguzi mstaafu anayekaa mkabala na bomba. Blogu hiyo inaitwa Dirishani Kwangu. Niliwahi kuiona nikaiacha, kwa sababu bibi yule anatukana kila mtu, kuanzia diwani mpaka timu za mpira, na nukta hajui inakaa wapi. Kumbe kazi yake kubwa ni kulipiga picha lile bomba kila asubuhi kutoka dirishani kwake. Bomba kavu. Bomba kavu. Mbwa amelala chini ya bomba. Bomba kavu, na chini yake tusi jipya kwa diwani. Siku nyingine anajikongoja mpaka kisimani na kuipiga picha foleni. Kwenye moja ya picha hizo, mwanga bado hafifu, nimemwona mke wangu amekaa juu ya dumu, amevaa koti langu la zamani la kazi, amesinzia kichwa kimeegemea bega la jirani. Binti yetu mkubwa yuko pembeni yake na sare za shule, ameshika dumu la pili.

Mshauri, nina hasira na wewe, nina hasira na diwani, na mwenye Mwanga wa Kata, na hata na Kinyozi, sasa hivi najinyoa mwenyewe. Mke wangu hapokei simu zangu. Shemeji amesema nisithubutu kumpigia mpaka nijue ninachotaka kusema. Kwenda siwezi, kwa sababu hapa ukitoka leo nafasi yako ina mtu kabla hujafika getini, na wanaokula kwa kazi hii ni hao hao ninaowalilia. Ninachotaka ni kimoja. Andika wazi kwenye gazeti kwamba kosa ni la blogu ile na la kwako uliyeipendekeza, nimtumie mke wangu asome aone kwamba mimi sikutunga, nilidanganywa. Wewe ndiye uliyesema nisingoje kuambiwa, nisome mwenyewe. Nimesoma. Sasa sina mke.

Redio

MSHAURI ANAJIBU

Redio, nianze na la kwangu, kwa sababu la kwako ni refu.

Mwanga wa Kata niliiweka juu ya orodha baada ya kusoma ukurasa wake wa mbele na kufurahishwa na picha. Sikumuuliza mkazi hata mmoja wa mtaa huo kama yaliyoandikwa ndiyo yaliyopo. Mtu anayewaambia wenzake someni hiki ana wajibu wa kukisoma yeye kwanza, tena mpaka mwisho, na mimi sikufanya hivyo. Ulipoandika ndipo nilipompigia mwenye blogu. Alinipokea kwa heshima zote. Nilipomuuliza kama maji yanatoka akasema, "Dada, sisi tuliandika kuhusu uzinduzi, na siku hiyo yalitoka. Kama kesho yake hayakutoka, hiyo siyo habari yetu." Nikamuuliza na yule mama anayelala mpaka jua linachomoza ni nani. Akasema ni mtu wa familia. Nikamuuliza familia ya nani, ya kwake au ya diwani, akakumbuka kwamba ana kikao. Diwani naye tumempigia mpaka tumechoka, na simu yake inaita tu.

Kwa hiyo Mwanga wa Kata naitoa kwenye orodha leo, na wote mlioisoma kwa sababu ya neno langu nawaomba radhi. Dirishani Kwangu naiingiza. Ilikuwa mbele yangu tangu mwanzo, nikaipita kwa sababu ile ile uliyoipita wewe, kwamba bibi anatukana. Someni, matusi na yote, ila mkiwa na watoto waonyesheni picha tu. Kwa wanaotaka siasa yenyewe, someni Kikao Kimeahirishwa, ya mama mmoja mwandishi aliyeachishwa kazi gazetini, anayekaa kwenye vikao vya madiwani tangu asubuhi mpaka mwisho na kuandika nani alisema nini, nani aliondoka kabla ya kura. Inachosha kuisoma, nakubali. Mimi mwenyewe nimesinzia juu yake. Safari hii lakini nimewapigia watu watatu waliokuwa ukumbini, na yote aliyoandika wameyathibitisha.

Hata hizo msizimeze nzima. Ukisoma habari ya mtaa wenu, mpigie mtu anayeishi hapo umuulize. Na hapa, Redio, ndipo hasira yangu inapokugeukia, kwa sababu wewe mtu huyo ulikuwa naye. Ulikuwa naye ndani ya nyumba yako.

Blogu ilisema maji yanatoka. Haikusema mkeo ana mwanamume. Huyo mwanamume umemtunga wewe, Kinyozi akamwotesha ndevu, na wote mkacheka. Ulimuuliza mkeo, akakujibu bila hasira, akakutajia kisima, akakutajia na reli. Ukachukua koti la bluu la mtu usiyemjua na neno la mwanamke aliyekuzalia watoto, ukapima, ukaona koti ndilo zito. Halafu ukampelekea mama mkwe. Mama mkwe, Redio. Ulitaka afanye nini na ile habari, amchape mwanawe mbele ya wajukuu?

Naelewa umechoka. Naelewa kukaa mbali, unapiga simu inaita tu, na kichwa kinaanza kutengeneza mambo yake. Mkeo naye amechoka, picha umeiona. Yeye hakukutungia mwanamke huko uliko, na nafasi ya kufanya hivyo alikuwa nayo, maana huko kwenye kontena hakuna bibi wa kukupiga picha.

Barua unayoitaka siandiki. Kosa langu nimelikiri hapo juu kwa kuwa ni langu, ila siyo cheti cha wewe kuonyesha mlangoni. Ukimtumia ukurasa huu atakuwa amepokea kutoka kwako kitu kingine kilichoandikwa na watu wengine, na vya namna hiyo umeshamtumia vya kutosha. "Nilidanganywa" siyo radhi. Hata mkeo alidanganywa na diwani, tena akapigishwa na makofi.

Sasa sikiliza, ufanye kwa mpangilio huu. Mkeo usimpigie bado. Anza na mama mkwe, kwa sababu binti yake ulimchafua machoni pake. Mwamkie vizuri, umwambie ulimsingizia mwanawe na hakuna hata chembe ya ukweli. Usitaje blogu, usitaje diwani, usinitaje mimi. Akikukemea, pokea. Kisha mpigie shemeji, maneno hayo hayo. Atapiga kelele, umwache amalize, na akimaliza umshukuru kwa kuwapa wanao pa kulala.

Kisha wenzako. Najua mchana wa leo watakudai uwasomee ukurasa huu, basi soma, na aya inayokusema wewe usiiruke wala usiishushe sauti. Ukimaliza, ipitishe simu mkono kwa mkono wamwone mkeo juu ya dumu, na Kinyozi usimpite. Wengine hapo wana wake wanaosubiri kwenye foleni kama hiyo na hawajawahi kuuliza.

Mwisho ndipo uende kwake, kwa ujumbe wa sauti, mfupi, ausikie kwa muda wake. Mwambie alisema kweli na wewe ukamwita mwongo. Usimwambie umemsamehe, hana kosa. Usimwambie arudi, hilo ataliamua yeye, na huenda asiamue leo wala mwezi huu. Siku akipokea simu, muulize maji huko kwa kaka yake yakoje, na unyamaze mpaka amalize kujibu. Akisema yanatoka, amini. Akisema hayatoki, amini.